Pua ya Bibi

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na sakafu kukauka, jiko la Bibi liligeuka karakana ya sabuni. Bibi alivaa miwani na glavu za mpira, akafungua madirisha yote. Mjukuu wake wa miaka kumi na mmoja alisubiri mlangoni, kwa sababu sheria ya nyumba hiyo ilikuwa moja: kostiki, dawa ya sabuni inayounguza ngozi, haishikwi na mtoto, hata awe mjanja kiasi gani.

Zamu yake ilikuja baadaye, mchanganyiko wa mafuta ulipokuwa mzito kama uji. Hapo Bibi alitia unga wa manjano. Manjano hugeuka mekundu kwanza, kisha sabuni ikikauka hutulia yakawa na rangi ya kiini cha yai. "Tazama, yanaona haya mbele za watu," Bibi alisema kila mara, na kila mara mjukuu alicheka kana kwamba hajawahi kusikia.

Baada ya rangi ilifuata harufu, na harufu ndiyo iliyompa msichana huyo jina. Miaka mitatu nyuma Bibi aliugua homa kali. Alipona, lakini pua yake haikurudi kazini. Manjano aliweza kuyapima kwa macho, ila mdalasini haupimiki hivyo. Wa dukani mwingine ni mkali, mwingine umekaa ghalani mpaka umechoka. Kwa hiyo Bibi alitia kijiko kimoja, akakoroga, akauliza, "Pua, imefika?" Pua akisema imefika, hauongezwi hata chembe. Mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo, naye alitembea nalo kifua mbele.

Jumamosi moja Pua aliamka na mafua. Angesema tu, lakini binamu yake alikuwa amekuja kutembea, na jana yake alikuwa ametamka, "Hata mimi nina pua, Bibi!" Maneno hayo yalimkaa Pua rohoni kama mwiba. Siku hiyo sabuni ilikuwa ya fundi viatu, jirani yao. Mtoto wake mchanga alikuwa na ngozi nyepesi, sabuni za dukani zilimtia vipele, na fundi alimwomba Bibi ampikie sabuni ya upole.

"Mbona sauti yako inatokea ndani ya debe?" Bibi aliuliza.

"Vumbi tu, Bibi."

Bibi akatia kijiko cha mdalasini. "Imefika?"

Pua alinusa. Hakusikia kitu. Akamwona binamu yake akichungulia dirishani. "Bado, Bibi. Ongeza."

Cha pili kikaingia, kisha cha tatu, kisha cha nne.

"Lo! Mdalasini huu umelala usingizi wa pono," Bibi alisema. Pua aliona aibu kuomba cha tano, akasema imefika.

Sabuni ilikatwa vipande, ikapangwa kwenye rafu ikomae kwa wiki nne. Siku mafua yalipoisha, Pua alipokewa na harufu mlangoni mwa jiko, kali hata macho yakamtoka machozi. Alijiambia itapungua. Haikupungua. Siku mbili kabla ya fundi kuja, alijisugua kipande kidogo kwenye kifundo cha mkono. Kabla hajasuuza, ngozi ilianza kuwaka. Tangu hapo alivaa sweta kuuficha mkono, jasho likimtiririka.

Fundi viatu alikuja amempakata mtoto. "Mama, harufu hii nimeisikia tangu nje! Na mimi pua yangu imezoea gundi!"

"Mshukuru Pua wangu," Bibi akasema, uso wote ukicheka. Akanyoosha mkono kumpa kifurushi. Mtoto akakiwahi kwa vidole vyake vidogo.

Pua akajikaza kisabuni. "Usimpe, Bibi! Itamchoma!"

Akapandisha mkono wa sweta, wakaona ule wekundu. Akaeleza yote, mafua na vijiko na dirisha, mpaka maneno yakaisha yakabaki machozi. Mwisho akasema, "Kuanzia leo mwite binamu."

Bibi alimpokonya mtoto kifurushi taratibu. "Baba, nisamehe. Nipe mwezi mwingine."

"Mwezi si kitu, mama," fundi alijibu. "Mimi niliwahi kumshonea mtu viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Na nilijua kabla hajavivaa, nikanyamaza. Huyu amenishinda." Akamgusa Pua begani, akaenda zake na mtoto akilia kwa kunyang'anywa.

Bibi aliosha kile kifundo kwa maji baridi, akakipaka mafuta ya nazi.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Wewe mafua yako nusura yamuumbue mtoto wa watu."

"Nilidhani utaniacha, Bibi. Pua ikiziba, mimi ni wa nini?"

"Sikiliza, mke mwenzangu. Pua ziko tele mtaa huu. Ningetaka pua tu, ningemwita yeyote anayepita njiani. Nilikuchagua wewe kwa sababu ukisema, naamini. Neno lako ndilo linaloingia katika sabuni yangu, na sabuni inaingia katika ngozi za watu. Kama hujui, sema hujui. Neno hilo halijamchoma mtu."

Sabuni ile kali iligeuzwa ya kusugulia sakafu. Pua alisugua akiwa na glavu za Bibi zilizomfika viwikoni, na nyumba ikanuka mdalasini wiki nzima. Bibi peke yake hakusumbuka.

Jumamosi iliyofuata manjano yaliona haya kama kawaida, na kijiko kimoja cha mdalasini kikaingia.

"Pua, imefika?"

Pua alinusa. Akanusa tena, lakini mdalasini wa sakafuni ulikuwa bado umemjaa puani. Binamu yake, aliyekuja tena kutembea, alikuwa dirishani, ametoa macho.

"Sina hakika, Bibi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ngoja nitoke nipate hewa, nirudi ninuse tena."

Bibi alikiweka kijiko mezani, akakunja mikono. "Nenda, mjukuu wangu," akasema. "Nakungoja wewe."