Sauti ya Bibi kwenye Njia ya Tatu

Gari la kwenda Babati lilikuwa limeshaanza kutembea, na Basili, nusu ya mwili nje ya dirisha, bado alikuwa anatoa maagizo.

"Lucia! Sauti ya babu, ya fimbo, ya bibi! Zilinganishe polepole! Na usifute kitu mpaka nirudi!"

"Ndiyo, baba mdogo!"

Vumbi likamfunika. Lucia akageuka kurudi nyumbani Tumati, kinasa sauti kikiwa kifuani kama mtoto mchanga.

Kilikuwa kidogo kama kitabu cha sala, ila kilinasa kila sauti kwenye njia yake. Mwezi mmoja nyuma, Basili alinasa wimbo wa kupiga maharage. Njia ya kwanza ni babu Akonaay akiongoza. Ya pili ni fimbo zikipiga maganda. Ya tatu ni bibi Verediana, peke yake, akiitikia. Wiki mbili baadaye bibi akafa kwa kichomi. Sasa njia zote ziunganishwe ziwe wimbo mmoja, wenye nguvu na usiokwaruza, upigwe siku ya arobaini. Kazi hiyo ya mwisho wenye studio huiita kumasta, na Basili alikuwa amemfundisha Lucia siku tatu nzima.

Kazi yenyewe aliiweza. Kilichomshinda ni bibi. Kila sauti ile ilipoingia kwenye hedifoni, machozi yalimtoka hata vitufe asivione. Basi akaifunga njia ya tatu isisikike. Akapunguza kikohozi cha babu, akapandisha fimbo, akasema moyoni kwamba mwishoni atamfungulia bibi.

Kesho yake akaja Judica, rafiki yake wa kwaya, pamoja na wenzake.

"Wewe, fundi mkubwa! Tunase na sisi, au mashine ni ya wazee tu?"

"Kadi ya mashine imejaa."

"Si ufute? Maringo tu hayo."

Wenzake wakacheka. Lucia, kwa haraka ya kuonekana anajua, akaunganisha wimbo wa babu, akauhifadhi, akazifuta njia tatu za mwanzo. Wakanasa nyimbo nne za kwaya mpaka kadi ikajaa tena.

Jioni akausikiliza ule wimbo. Babu akaita. Fimbo zikaanguka. Pakawa kimya. Babu akaita tena. Kimya.

Alikuwa amesahau kumfungulia bibi.

Asubuhi babu akamwita. "Shikamoo babu." "Marahaba. Hebu nimsikie bibi yako kidogo."

"Betri zimeisha, babu."

Mzee akafungua karedio kake, akatoa betri mbili, akamwekea kiganjani. "Taarifa ya habari inaweza kungoja."

Lucia akaingia ndani, akatoka. "Mashine imekufa, babu. Tumsubiri baba mdogo." Siku saba mzee alikaa bila redio, betri zake zikiwa ndani ya mashine.

Basili aliporudi akabonyeza kitufe, mashine ikawaka palepale. Akamvisha babu hedifoni. Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa kufuata fimbo, kisha akaacha.

"Mbona haitikii?" akauliza. "Verediana mbona haitikii?"

Hapo Lucia akapiga magoti, akasema yote.

"Ulifuta lini?" Basili akauliza.

"Kesho yake ulipoondoka."

"Halafu mkanasa nini?"

"Nyimbo nne."

Basili akakaa juu ya gunia. Arusha kuna fundi anayerudisha vilivyofutwa, mradi pasiandikwe kingine juu yake. Alikwenda hata hivyo, akarudi mikono mitupu.

Siku ya arobaini wimbo ulipigwa uani. Babu kwenye spika akaita, pakawa kimya, watu wakatazamana. Akaita mara ya pili. Mama Margwe, jirani aliyepiga maharage na bibi miaka yote, akaitikia. Mara ya tatu wakaitikia wanawake wote, na Lucia kati yao, sauti ikikatika. Wimbo ukafika mwisho wake.

Basili, akikunja waya, akamwambia, "Kufuta ni bahati mbaya, hata mimi nimeshafuta. Lakini ungesema jioni ile, hata kama sauti isingerudi, mzee asingekaa akingoja. Siku saba umeuacha uongo ukae, na mzee bila redio. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka."

Babu Akonaay alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa saba. Basili alihamia Katesh, akarekodi harusi miaka kadhaa, akaacha. Kinasa sauti kiliuzwa. Judica aliolewa Gehandu. Lucia ni mwalimu wa shule ya msingi. Wimbo upo kwenye CD tatu. Sauti ya Verediana haipo popote.