Nipo Bishkek, Mpenzi

"Juu kabisa upepo unang'oa meno. Viti vya waya vya kupandia mlimani vimesimamishwa, tumekaa chini tunakunywa chai kama wakwe."

"Mteremko wa watoto ni barafu tupu. Nimeanguka mbele ya shemeji zangu, naomba msiniulize zaidi."

"Upande wa misonobari uko safi. Theluji ya jana haijaguswa. Njooni, ila msilete ukoo mzima."

Begimai alikuwa anazisoma meseji hizo kwenye chumba cha waokoaji, kikombe mkononi, akicheka peke yake. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi la meseji la Theluji ya Leo. Kila anayeteleza kwa ski pale kituo cha Ak-Jal, juu ya mji wa Karakol, alilifungua kundi hilo kabla hata ya kunawa uso. Ukipanda, unaandika ulichokikuta. Ukiona hatari, unaandika haraka zaidi. Sheria ilikuwa hiyo moja, na watu waliiheshimu kuliko hata sheria za barabarani.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshatoa tangazo lake: "Korongo la Farasi limefungwa. Upepo wa usiku umelundika theluji kwenye ukingo wa juu. Ikikatika, inashuka yote. Asipande mtu."

Mara ikaingia picha.

Aliyeituma alijiita Bundi. Hakuna aliyewahi kumwona. Majira yote ya baridi aliandika Jumamosi tu, na alikuwa anaandika vizuri, mtu unasoma mpaka unahisi baridi ya miguu. Picha ilionyesha bonde lote likiwa mbali chini, na mbele yake mkono wenye glavu umeinua dole gumba. Chini yake aliandika:

"Nipo mgongoni mwa mlima, juu ya Korongo la Farasi. Nimepandia upande wa nyuma, huko hakuna mtandao, ndiyo kwanza naupata hapa. Upepo umepungua. Namalizia chai yangu, nashuka."

Kicheko cha Begimai kikakatika. Dole gumba la ile glavu lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa kijani, mishono mikubwa iliyopinda ovyo. Aliijua mishono ile kwa sababu aliishona mwenyewe. Alimshonea Kubat, mchumba wake, naye Kubat akamcheka kwamba hata daktari wa ng'ombe anashona vizuri kuliko yeye.

Lakini Kubat alikuwa Bishkek, mji mkuu, mbali kabisa na mlima huu. Kila mwisho wa wiki alikwenda huko kufuata vipuri vya gereji yake. Na zaidi ya hapo, Kubat alikuwa ameapa. Majira ya baridi ya mwaka juzi, Samat, kaka yake Begimai, alifunikwa na theluji kwenye korongo hilo hilo. Kubat ndiye aliyekuwa naye, na ndiye aliyemfukua, ila alimfikia amechelewa. Siku ya posa mama yake Begimai alimshika Kubat mkono mbele ya wazee wa pande zote mbili, akamwambia, "Nikupe binti yangu, na wewe uniapie kwamba hutaukanyaga tena mlima ule." Kubat akaapa. Harusi ilikuwa imepangwa kufanyika baada ya Nooruz, sikukuu ya kuanza kwa machipuko.

"Shangazi Larisa, hebu njoo uone."

Larisa, mama wa Kirusi aliyekuwa akishika redio ya kituo tangu Begimai ana meno ya utoto, akavaa miwani yake.

"Mpumbavu gani huyu?"

"Kubat."

Larisa akaitazama tena picha, kisha akamtazama binti.

"Namwita Joldosh na waokoaji wake waende. Lakini mpaka wamfikie kule juu, ni zaidi ya saa."

"Nimemwandikia, hasomi."

"Basi mpigie simu, umtukane mpaka ashuke."

"Nikimtukana atashuka kweli, shangazi. Hapo ndipo ninapoogopa."

Alimjua mtu wake. Kubat akigundua amekamatwa, aibu itampanda kichwani. Atajitupa kwenye korongo kwa sababu ndiyo njia ya mkato, akimbilie gari, aje kumpigia magoti kabla mama hajasikia. Na korongo lilikuwa linamsubiri. Begimai akapiga.

"Mpenzi," Kubat akapokea. "Mbona mapema hivi?"

"Uko wapi?"

"Nipo Bishkek, mpenzi. Nipo dukani hapa, foleni ya vipuri ndefu kweli."

Upepo ukapuliza ndani ya simu mpaka Larisa akausikia.

"Duka lenyewe halina mlango?"

"Wameufungua. Wanashusha mzigo."

Begimai alitamani ampasukie hapo hapo. Neno la uongo lilimchoma, na hofu ilimchoma zaidi. Akajikaza, akalainisha sauti.

"Haya. Nina shida kidogo, labda wewe utanisaidia. Kuna mtu kwenye kundi anajiita Bundi. Unamjua?"

Kubat akakohoa.

"Namsikia sikia tu."

"Si rafiki yako?"

"Tuseme tunafahamiana."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Afadhali. Yuko juu ya Korongo la Farasi, na mimi hanisomi. Mwandikie kwa simu yako ile nyingine, mimi nakusubiri hapa hapa. Usikate."

"Kwani kuna nini? Mbona upepo umepungua? Yaani, yeye ndivyo alivyoandika."

"Umepungua sasa hivi. Usiku kucha ulikuwa unahamisha theluji kutoka huko nyuma, unaibandika ukingoni. Mwambie achome chini kwa fimbo yake, aniambie anasikia nini."

Ikawa upepo mtupu, na pumzi za mtu.

"Amechoma," Kubat akasema. "Juu pagumu. Chini yake fimbo inaingia yenyewe, kama hakuna kitu."

"Amesimama karibu na ukingo?"

"Karibu kiasi."

"Karibu wanayoiita watu, au karibu unayoiita wewe?"

"Karibu sana, Begi."

Sauti ilikuwa imebadilika. Yule muuza maneno wa Bishkek alikuwa ameshaondoka, amebaki mtu anayeogopa.

"Basi nisikilize, umwambie neno kwa neno. Asigeuke kwa kuruka. Asikanyage kwa kishindo. Arudi nyuma kwa njia aliyokuja nayo, polepole, mpaka afike kwenye mawe meusi. Akifika huko, afuate mgongo kushoto mpaka misonobari. Korongoni asitie hata ncha ya ski."

"Nimemwambia. Ameanza kurudi."

"Kile kifaa cha kifuani, kinachowapigia waokoaji mlio, amekiwasha?"

"Amekiwasha."

"Yuko na nani huko?"

Kubat akajifanya hasikii.

"Nimeuliza, rafiki yako yuko na nani? Akifunikwa, nani wa kumfukua?"

"Yuko peke yake."

"Peke yake." Begimai akapandisha sauti. "Mtu anayejua anachokijua yeye, anapanda kule peke yake? Ana wazimu?"

"Anasema angemchukua mwenzake, yule mwenzake angeenda kumwambia mchumba wake. Huko kwenu wote mnajuana."

Larisa akageukia dirishani, akajifanya anatafuta kitu nje.

"Kwa hiyo mchumba wake ndiye aliyemfanya apande peke yake," Begimai akasema.

"Hajasema hivyo."

"Mimi ndiye ninayesema. Ameshafika kwenye mawe?"

"Bado hatua chache."

"Mwambie mchumba wake anampenda, mjinga yule. Mwambie amfuate kwa kila anachomwambia leo, ugomvi watagombana baadaye, tena watagombana kweli kweli."

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

"Analia, Begi."

Ukasikika mguno. Haukuwa wa mtu. Ulikuwa mzito, wa chini chini, kama mlima umejikalia vibaya. Kubat akasema neno moja ambalo Begimai hakulipata, na simu ikakatika.

Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Redio ya Larisa ikakoroma, sauti ya Joldosh, mkuu wa waokoaji, ikatoka kwa shida: "Korongo limekatika. Nasema limekatika lote. Kumejaa vumbi jeupe, hatuoni kitu. Kuna mtu ndani?"

Larisa alimwangalia Begimai. Begimai akakaa sakafuni palepale, simu kifuani. Alikuwa amekaa hivyo hivyo mwaka juzi, kwenye chumba hicho hicho, akisubiri habari za Samat. Alijiambia kwamba akiletewa tena habari ya namna ile hatainuka.

Simu ikatetemeka. Ilikuwa meseji ya kundi.

"Korongo la Farasi limemwagika kuanzia ukingoni mpaka kwenye misonobari ya chini. Nilikuwa nimeshafika kwenye mawe. Hakuna aliyefunikwa. Mtu asije huku leo. Bundi ni mimi, Kubat, fundi magari wa Karakol. Nilikuwa namdanganya mchumba wangu kwamba nipo Bishkek."

Mtani mmoja wa kundi akauliza:

"Na Bishkek theluji ikoje?"

"Huko wanasema mpaka kiunoni," Bundi akajibu.

Begimai akacheka huku machozi yanamtiririka, halafu akalia tu. Larisa akaketi naye sakafuni, mifupa yake ikilalamika, akamkumbatia.

Waokoaji walimshusha Kubat mchana. Alifika chini uso umepauka, nyusi zimeganda, ski begani. Begimai alikuwa amesimama nje, mikono mifukoni, hakumfuata.

"Begi, nisamehe."

"Tangu lini?"

"Tangu theluji ya kwanza."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Vipuri naletewa na dereva wa basi."

"Umeniangalia machoni kila Jumapili, ukanisimulia foleni za Bishkek. Ulinisimulia mpaka mwanamke aliyegombana na muuza betri. Yule mwanamke yupo?"

"Hayupo."

"Kumbe hata yeye ulimtunga. Na mimi nilimhurumia."

Kubat akaweka ski chini.

"Sikuwa naenda kuteleza, Begi. Nateleza ili nishuke tu. Naenda juu ya pale nilipomkuta Samat. Nakaa, nakunywa chai, namsalimia. Kwenu jina lake halitajwi. Mama akilisikia anatoka chumbani. Wewe ukilisikia unabadilisha mazungumzo. Mimi ndiye niliyemshika wa mwisho, na sina mtu wa kumwambia. Nilikuwa napasuka."

"Tulikukataza mlima. Samat hatukukukataza."

"Ilikuwa kitu kimoja."

Begimai alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa imeanza kukosa pa kukaa. Ni kweli. Alikuwa amemzika kaka yake mara mbili, ya pili kwa kunyamaza, na akamlazimisha huyu mwanaume anyamaze naye.

"Na harusi?" Kubat akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi siwezi kukujibu. Uliapa mbele ya mama. Nenda kamwambie wewe mwenyewe, kabla majirani hawajamsomea kundi."

"Atanifukuza."

"Labda. Twende."

Nyumbani, mama alikuwa ameketi kwenye zulia la sufu, birika pembeni yake, mkate na siagi vimeshatandikwa. Kwa jinsi alivyowatazama, majirani walikuwa wamewahi.

Kubat hakuketi. Alipiga magoti karibu na mlango.

"Mama, nilikuapia, nikakivunja kiapo. Nimekwenda kule majira yote haya ya baridi. Leo mlima ulitaka kunichukua, Begi akanitoa. Nimemdanganya yeye, nimekudanganya na wewe. Ukisema niondoke, nitaondoka, na posa nitaihesabu imekufa."

Mama akakivuta kikombe, akalishika birika. Begimai akaukazia macho mkono wake. Kwao mgeni aliyejaziwa chai mpaka juu ameshaambiwa anywe aende zake. Anayetakiwa akae anamiminiwa kidogo, ili aongezewe, na aongezewe tena.

Chai ilianza kushuka. Ikafunika kitako cha kikombe tu, mama akaliinua birika.

"Sogea hapa," akasema. "Huko mlangoni kuna baridi."

Kubat akasogea, akakipokea kikombe.

"Ulimfukua mwanangu kwa mikono yako," mama akasema, "na mimi nikakufunga mdomo. Niliogopa kusikia. Nikadhani nikikuzuia wewe usiende, nitakuwa nimemzuia na yeye. Hawa watoto na kundi lao, mtu akikanyaga jiwe anatangaza. Lakini ya siku ile mpaka leo sijaambiwa na mtu. Haya, niambie."

"Nikuambie nini, mama?"

"Ilivyokuwa. Anzia asubuhi, usiruke."

Begimai akatoka upande wa mama, akaenda kuketi ubavuni mwa Kubat, bega lake likigusana na la kwake. Mama aliona, akakata mkate.

"Asubuhi ile kulikuwa kumetulia, mama," Kubat akaanza. "Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na Samat alikuwa anaimba."