Barua Tisa za Jalidi

Kila asubuhi, Duane akiwa anamwagilia miche, mkewe LaVonne aliketi kwenye meza ndogo ya kitalu chao na kufungua kompyuta. Alikunywa kahawa na kutazama orodha ya wateja wanaopokea barua pepe zake. Jumanne ya wiki iliyopita walikuwa mia nne na kumi na wawili. Alhamisi hii walikuwa mia tatu na themanini.

"Baba, wamejitoa tena," alisema.

"Akina nani?"

"Wateja. Thelathini na wawili ndani ya siku tisa. Tumewakosea nini?"

Duane alifunga bomba, akafikiri. "Labda wamehama."

"Wote?"

Duane alifungua bomba tena.

LaVonne alichanganyikiwa. Kwa miaka ishirini watu wa mji wao, katika jimbo la Minnesota, Marekani, walikuwa wamenunua miche ya nyanya kwake, na yeye aliwaangalia hata baada ya kuwauzia. Huko kaskazini, hata Juni ikiwa imeanza, usiku mmoja wa jalidi unaweza kuja. Umande unaganda juu ya majani, na asubuhi nyanya zote zimekuwa nyeusi. Dawa yake ni kufunika miche kwa shuka kuukuu jioni na kufunua asubuhi. Zamani, jalidi ikitabiriwa, LaVonne aliwapigia wateja simu mmoja mmoja mpaka sauti ikamkauka. Kisha wateja wakawa wengi, na koo likabaki lile lile moja.

Ndipo alipojiunga na darasa la watu wazima maktabani. Pa Houa Xiong, mfanyakazi wa maktaba, aliwafundisha kuipa kompyuta kazi bila kujua lugha ya kompyuta. Unaburuta visanduku kwenye kioo na kuviunganisha, kama mtoto anavyounganisha mabehewa ya treni ya kuchezea. LaVonne aliunganisha vyake mwenyewe nyumbani. Cha kwanza: kila siku saa kumi alasiri, iulize huduma ya hali ya hewa joto la usiku litashuka hadi ngapi. Cha pili: ikiwa ni chini ya thelathini na sita, endelea, ikiwa sivyo, nyamaza. Cha tatu: watumie wateja wote barua.

Usicheke, msomaji. Najua kwetu thelathini na sita ni joto la kuvua shati. Lakini Wamarekani hupima kwa Farenhaiti, na kwao thelathini na sita ni baridi ya kukaribia kuganda. LaVonne hakukosea namba. Aliviwasha visanduku vyake Jumanne ile, akasahau habari yake.

Sasa mlango wa kitalu ulifunguliwa. Aliingia mzee Orville Stenerud, mteja wa siku nyingi, amebeba mche wa nyanya ndani ya ndoo. Mche ulikuwa mrefu, mwembamba, wa manjano.

"Habari za nyanya, mzee Orville?"

"Si mbaya sana," alisema Orville.

LaVonne aliutazama mche. Ulikuwa mbaya sana. "Umeukosesha jua?"

"Kidogo. Ulikuwa chini ya shuka."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Ile nyingine."

"Siku tisa! Mzee wangu, nani alikwambia ufunike nyanya siku tisa?"

Orville alitazama viatu vyake. Watu wa kule wana adabu inayoweza kukutia hasara. Mtu anaona heri nyanya zake zife kuliko kumwambia jirani amekosea. "Wewe," alisema polepole. "Lakini sikuja kulalamika."

Alitoa simu mfukoni. Barua zilikuwa tisa, zimepangana, zote zina maneno yale yale: *Usiku wa leo kuna jalidi. Funika nyanya zako. LaVonne.*

"Nilifikiri, wewe ndiwe mjuzi," alisema Orville. "Nikawa sifunui. Maana jioni ningefunika tena."

"Na wenzako?"

"Wengine wamejitoa. Mimi sijui kujitoa."

LaVonne aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Nje watu walikuwa wamevaa kaptura. Jalidi gani hiyo ya siku tisa? Na kwa nini yeye hakuona hata barua moja? Alipoperuzi orodha alipata jibu la swali la pili. Jina lake halikuwemo. Kinyozi hajinyoi.

Redio ya Duane ilikuwa inanong'ona juu ya rafu. LaVonne alisikia neno moja, akaiongeza sauti. Mtangazaji alisema hewa baridi inashuka kutoka Kanada. Usiku wa leo, jalidi.

"Ya kweli!" LaVonne alishika kichwa. "Leo ndiyo ya kweli, na hakuna atakayeniamini!"

Alichukua kompyuta akaenda maktabani. Alimkuta Pa Houa anapanga magazeti.

"Mwanangu, mashine yako imerukwa na akili."

"Shikamoo kwanza, mama," Pa Houa alimtania. "Haya, tuone."

Alifungua visanduku. "Kwanza mahali. Labda imeshika mji mwingine wenye jina kama letu." Alisoma. "Hapana, ni hapa hapa. Masharti je? Chini ya thelathini na sita. Sawa. Sasa tuone huduma ilijibu nini. Hapa kuna kumbukumbu za kila siku. Tusome."

LaVonne alivaa miwani. "Tisa. Kumi na moja. Kumi na tatu." Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tisa? Tisa ni baridi ya Januari! Ndevu za Duane huganda kwenye tisa!"

"Ila watu wamevaa kaptura."

"Basi huduma inadanganya."

"Haidanganyi, mama. Inasema kweli kwa kipimo kingine. Hii inatoa Selsiasi, kama ulimwengu karibu wote. Kwa Selsiasi maji huganda kwenye sifuri, si thelathini na mbili. Tisa yao ni arobaini na nane yetu."

LaVonne alihesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. "Kwa hiyo mimi naiuliza kwa kipimo changu, nayo inanijibu kwa chake?"

"Ndiyo. Mashine inalinganisha namba tu. Haijui ni namba ya nini."

"Tisa iko chini ya thelathini na sita. Ikatuma."

"Na ingetuma hata siku ya joto kali ya Julai."

"Mungu wangu. Orville angefunika mpaka Krismasi."

Walicheka, lakini LaVonne alikuwa na machozi karibu. Pa Houa alimwonyesha mahali pa kuchagua kipimo. LaVonne alibonyeza Farenhaiti mwenyewe. Siku zilizopita zikageuka kuwa arobaini na nane, hamsini na mbili, hamsini na tano. Usiku wa leo: thelathini.

"Sasa usiwatumie watu bado," alisema Pa Houa. "Jaribu kwako peke yako."

LaVonne aliandika jina lake, la kwanza kabisa kwenye orodha ya majaribio, kisha akaliweka na kwenye ile ya wateja. Waliijaribu kwa namba ya jana, simu ikanyamaza. Wakaijaribu kwa ya leo, simu ikalia.

"Ukibadilisha kitu chochote, anza hivyo," alisema Pa Houa. "Mpishi huonja kwanza."

Kisha LaVonne aliandika barua kwa mkono wake: *Barua tisa zilizopita zilikuwa kosa langu. Niliacha mashine ifanye kazi bila kuionja. Poleni. Leo nimehakikisha mwenyewe, na saa kumi itakuja barua ya kweli. Funikeni usiku, funueni asubuhi.*

"Na wale waliojitoa?"

"Hao usiwaandikie, mama. Mtu akitoka kwenye orodha, ametoka. Tuheshimu hilo."

"Lakini ni majirani zangu. Nyanya zao zitakufa."

"Simu ya nyumbani unayo, siyo?"

LaVonne alirudi kitaluni na majina thelathini na mawili. Duane, anayechukia simu kuliko anavyochukia viwavi, aliyatazama. Akachukua kalamu, akachora mstari katikati ya karatasi.

"Nipe nusu," alisema.

Asubuhi walipanda gari lao wakazunguka mji. Nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika chini ya magurudumu. Na kila bustani ilikuwa imevaa shuka: za maua, za mistari, moja yenye picha za vibonzo. Orville alikuwa nje, anakunja zake polepole. Pale zilipokuwa, mche wa manjano ulikuwa bado umesimama.

LaVonne alilia kidogo, Duane akajifanya anatazama barabara.

Alasiri hiyo saa kumi ilifika. LaVonne aliikodolea simu macho. Haikulia. Saa kumi na robo, kimya. Alichanganyikiwa upya, akakimbilia kompyuta kuona kama visanduku vimeharibika. Huduma ilikuwa imejibu: hamsini na moja. Hakuna jalidi, hakuna barua. Kimya kile ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Orville, ameshika simu yake.

"Leo hujaniandikia," alisema.

"Leo hakuna baridi, mzee. Ziache nyanya zako zipate jua."

Orville aliwaza, akairudisha simu mfukoni.

"Si mbaya sana," alisema, na safari hii ilikuwa sifa.