Mkono Uliobaki Begani

Aliyesimulia habari hii kwanza ni shangazi yetu Kapinga, siku ya nne baada ya maziko, mwezi wa Agosti 2023, tulipokuwa tukirudisha viti vya kuazima. Naiandika kama alivyoisema.

Kyungu alifariki Jumanne. Alhamisi jioni, jua likizama nyuma ya mabehewa ya gare, yaani stesheni ya treni, pacha wake Kabange alitoka kwenye kilio pamoja na Kapinga, mdogo wao. Walikwenda kununua mishumaa na kuchukua simu ya Kabange iliyokuwa ikichajiwa kwa Amédée, mchaji simu wa pale gare.

Amédée alimwona Kabange, akaangusha waya.

"Mama... si banasema ulikufa?"

"Nani alikufa? Leta téléphone yangu, mujinga weye!"

"Usinikaripie, mama. Iko ku statut ya bantu bote."

Akawaonyesha picha ambayo watu walikuwa wameiweka WhatsApp. Maandishi ya dhahabu, njiwa wawili, mawingu: *Pumzika kwa amani, Maman Kyungu*. Lakini uso ulikuwa wa Kabange. Kovu la juu ya nyusi, ambalo Kyungu hakuwa nalo, lilionekana wazi.

Na begani mwake palikuwa na mkono.

Vidole vinne. Mkono usio na mtu.

Kabange aliijua picha hiyo. Ilipigwa kwenye harusi huko Luena, Kyungu amemkumbatia. Katika ukoo wetu mapasa, yaani mapacha, hawapigwi picha mmoja mmoja, wala picha yao haikatwi. Ukimpa mmoja kitambaa, unampa na mwingine. Ukimtoa mmoja kwenye picha, umewaitia kifo wote wawili. Hata watoto wanajua.

Alichukua simu yake, akaishika mbele ya uso wake ili imtambue na kufunguka.

Ikakataa.

Akajaribu tena. Ikakataa.

"Twende," alimwambia Kapinga, kwa meno yaliyobana. "Kesho asubuhi banafunga sanduku ya maiti. Bakizika jina ya Kyungu na uso yangu, mimi njo nitabaki mule ndani."

Walitembea haraka. Mvua haikuwa imenyesha tangu Mei, vumbi lilifika vifundoni... lakini Kabange alisikia harufu ya udongo mbichi. Ilimfuata. Bega lake la kushoto lilikuwa baridi, zito, kama mtu anayechoka akiliegemea.

"Kapinga. Iko nani nyuma yangu?"

"Hakuna muntu."

"Angalia muzuri!"

"Hakuna, yaya."

Nyumbani, mpwa wao Guylain, fundi wa mabango, alikuwa akifunga kamba ya bango kwenye ua. Picha ileile, ndefu kuliko mlango. Wanawake walioketi chini ya turubai waliililia, wakiita, "Eeh, mama! Unatuacha!" Kabange alipita katikati yao. Hakuna aliyeinua macho.

Alimkamata Guylain kola ya shati.

"Pa ile foto tulikuwa babiri. Ndugu yangu iko wapi?"

"Tantine, pole... Application njo ilichagua. Nilifinya kifungo moya tu. Muko sawasawa!"

"Sawasawa? Tangu kuzaliwa unatuona, unasema sawasawa? Mbuzi iko na macho kukupita! Na ule mukono?"

"Ilikatala kufutika. Nilijaribu mara tano."

"Rudisha foto ya kwanza."

"Nilifuta. Mémoire ya téléphone ilijaa."

"Unafuta mama yako sababu ya mémoire!"

Guylain akachomoa wembe ili ashushe bango kwa kulikata.

"Usikate tena!" Kabange alipiga kelele, akishika shingo yake mwenyewe. "Usikate..."

Kapinga aliangalia bango. Aliapa mbele yetu kwamba vidole havikuwa tena begani. Vilikuwa vimefika kwenye koo.

Ni Kabange aliyeona njia. Kilichotenganishwa kiunganishwe, kabla watu hawajaisambaza zaidi picha ile. Alimburuta Guylain hadi ndani, kwenye jeneza, akafunua uso wa Kyungu, akainama, shavu kwa shavu na maiti.

"Piga. Sisi babiri. Halafu tuma kwa bote."

"Tantine, naogopa."

"Ogopa kisha upige!"

Mwanga ukawaka mara moja.

Harufu ya udongo ikaondoka. Nje, wanawake wakanyamaza kwa pamoja, kama waliozibwa midomo. Kabange akainuka polepole, akapapasa shingo yake. Akatabasamu.

"Asante, mutoto yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna makosa."

Kapinga alikuwa amemshika mkono ili kumwinua; ndipo alipouachia. Kabange hakuwahi kumsamehe mtu siku hiyohiyo; aliyesamehe upesi, kwa sauti ndogo, alikuwa Kyungu.

Guylain alitazama picha, akamkabidhi Kapinga simu. Nyuso mbili, zimegusana mashavu. Wa jenezani alikuwa amefumba macho, kama inavyotakiwa. Lakini kovu, lilikuwa kwa yupi... Taa ilikuwa hafifu, kamera ni ya bei rahisi, na kivuli cha kitambaa kiliangukia nyusi za wote wawili. Kapinga hakuthubutu kufunua tena. Kesho yake saa tatu, sanduku lilifungwa.

Shangazi Kapinga alifariki mwaka uliofuata. Amédée yuko hai, bado anachaji simu pale gare. Guylain yuko hai. Amehamia Kaniama, analima mahindi. Mama Kabange naye yuko hai, hapa Kamina, na tangu jioni ile hajamkaripia mtu yeyote. Wanawe, waliokua na makelele yake, hawalali tena katika nyumba yake.