Buti za Kuazima

Kariakoo ilikuwa inachemka. Tupokigwe, mwalimu wa chekechea kutoka Bunju, alikuwa amebanwa kwenye duka la vipuri, gauni lake la kitenge cha njano limelowa jasho mgongoni, akibembeleza apunguziwe bei ya mpira wa mlango wa friji.

"Dada, usinunue kwanza," sauti ilisema kando yake. "Friji yako juu inagandisha, chini vitu vinaoza?"

"Umejuaje? Ulikuja kwangu ukapekua?"

"Bado hujanikaribisha."

Akacheka kabla hajajizuia. Kijana alikuwa mrefu, ovaroli yake ya bluu imepigwa pasi kama ya kwendea kanisani. Jina lake Theonest, mzaliwa wa Bukoba, fundi friji wa Keko. Wakapeana namba kwa ajili ya friji, na kwa ajili ya friji hiyo hiyo wakawa wanapigiana kila jioni.

"Mwalimu, umeshakula?"

"Nimekula. Na wewe mtoto wa Bukoba, ndizi zimeiva?"

"Zimeiva, hazina mpishi."

"Basi utakufa njaa, shauri yako."

Siku moja Theonest akasema, "Kesho nakuja. Sikiliza, mpenzi…"

"Nani mpenzi?"

"Friji. Nilikuwa naongea na friji." Wote wakacheka. "Ichomoe leo, barafu iyeyuke yenyewe, usiichokonoe kwa kisu. Toa vyakula vyote. Isogeze mbali na ukuta nipate pa kupita, utandike na matambara. Halafu nina neno la kukwambia. Si la kwenye simu."

Tupokigwe alipiga deki huku akiimba tenzi. Akamwomba Mungu, kama neno hilo ni lile analolitamani, ampe kinywa cha kulijibu. Kisha akabeba samaki wake kwenda kuwahifadhi kwa jirani yake, Mauwa.

"Unamwingiza mwanamume ndani uko peke yako?" Mauwa aliuliza. "Unamjua?"

"Ni mtu mwema, dada."

"Hata aliyeniibia mtungi wa gesi alikuwa mwema! Sie hapa fundi mgeni akija, tunaweka viatu vya kiume mlangoni. Akiuliza, mwambie baba yupo, kapumzika."

Akaleta buti za mumewe, kubwa kama mitumbwi, akazipanga kizingitini kwa mkono wake. Tupokigwe alitaka kuziondoa. Lakini huyu mtu alikuwa amemwona mara moja tu, mengine yote ya kwenye simu, na alikuwa hajawahi kumfungulia mwanamume mlango. Akaziacha.

Theonest alikuja na shati jeupe, mkono mmoja sanduku la vifaa, mkono mwingine kopo la senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao Bukoba. Tabasamu lake lilifika hadi mlangoni, likaishia hapo. Aliziangalia buti.

"Mzee yupo?" aliuliza taratibu.

Tupokigwe alitaka kucheka, aseme ukweli. Lakini Mauwa alikuwa amesimama uani anatazama, na aibu ikamkaba: atamwambiaje mtu huyu kwamba viatu vile ni vya kumtisha yeye? Ulimi ukakimbilia somo ulilofundishwa.

"Yupo. Kapumzika."

"Sawa, mama."

Hakumwita Mwalimu tena. Aliinamia kazi, ndizi alizopikiwa hakuzigusa. Friji ilipoanza kunguruma, alinawa mikono, akaweka kopo mezani. "Mpe mzee. Mwambie ni senene wa nyumbani."

Tupokigwe alimpigia hata kabla hajafika barabarani. Hakupokea. Ukaja ujumbe: *Mke wa mtu ni sumu, mama. Tusimkosee Mungu.* Alipomwandikia ukweli wote, Theonest alikuwa ameshaifungia namba yake.

Akaomba, akafunga, akingoja Mungu aseme na Theonest kwa niaba yake. Pasaka ikapita. Ndipo alipoelewa kwamba kosa alilitenda kwa kinywa chake mwenyewe, na kinywa hicho hicho ndicho kilichotakiwa kwenda kulirekebisha. Akaenda Keko.

Theonest alimsikiliza katikati ya kelele za misumeno ya maseremala wa jirani, akifuta mikono iliyokwisha kutakata.

"Hakuna mume?"

"Hajawahi kuwapo. Niliona haya kukwambia kwamba nilikuogopa."

"Ungesema tu, Mwalimu. Ningecheka." Akaweka kitambaa chini. "Siku ile nilikuja kukuomba nimtume mshenga kwenu."

"Na sasa?"

"Mama alinisukuma, nami sikuwa na sababu ya kukataa. Mshenga alikwenda Ukonga, kwa watu tunaotoka nao kijiji kimoja. Mahari imepokelewa." Akainamisha kichwa. "Yule binti hana kosa, Tupo."

"Hana," alisema Tupokigwe. Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Anaitwa nani?"

"Anjelina."

Jumamosi, kwenye sala ya jumuiya ya mtaani kwake, zamu ya kuombea ndoa mpya ilimwangukia Tupokigwe. Alimtaja Anjelina kwa sauti safi: Bwana ampe nyumba yenye amani, ampe mume wa kumwambia kila kitu. Alipofika kwenye jina la huyo mume, halikutoka. Wanawake wakangoja. Alipozidi kunyamaza, wakamwitikia amina.