Shajara ya Bwana Maeng Heon-gyu

"Korongo, mzigo unatembea. Mlango wa tatu."

Sauti ya Bi Eom, mkuu wa kikosi, ilikwaruza sikioni mwa Maeng Seok-ju, jasusi ambaye redioni huitwa Korongo. Akaruka kizuizi cha tiketi bandarini Busan.

Mbele yake mtu mwenye koti la kijivu alikuwa akipasua umati wa abiria wa meli ya kwenda Shimonoseki, Japani. Mgongoni, begi jeusi. Ndani ya begi, sanduku la mbao lililoibwa juzi kwenye nyumba ya matambiko huko Andong. Ndani ya sanduku, shajara ya Bwana Maeng Heon-gyu, muungwana aliyekufa yapata miaka mia mbili na hamsini iliyopita.

Hazina ya taifa.

Na babu wa nane wa Seok-ju mwenyewe.

"Dakika sita, meli inaondoka," alisema Bi Eom. "Ikivuka, tumeikosa."

"Haivuki."

Mwenye koti aligeuka. Tak Jun-o, mlanguzi wa vitu vya kale tangu ujana wake. Akakisukuma kigari cha mizigo kwa teke. Seok-ju akakiruka. Tak akachomoa kisu.

Bastola ya Seok-ju, K5, ilikuwa tayari imemtazama kifuani.

"Taratibu, kaka," Tak alisema, akihema. "Mimi mchukuzi tu."

"Kisu chini."

Kisu kikalia sakafuni. Pingu zikafuata.

Hapo ndipo simu ilipoita mfukoni mwa Tak. Seok-ju akaichomoa, Samsung yenye kioo kilichopasuka. Hapakuwa na jina. Namba tu.

Namba aliyoijua kwa moyo tangu ana miaka saba.

Akapokea. Hakusema neno.

"Umeshapanda?" iliuliza sauti ya mzee. "Mwambie yule mtu wa kule, hatuuzi. Achome mbele ya macho yako. Kila ukurasa."



"Baba mkubwa," alisema. "Ni mimi."

Simu ikakatwa.

Tak alicheka kidogo. "Kumbe wewe ni wa nyumba ile? Basi soma, ndugu yangu. Mzee ameweka uzi mwekundu mahali panapomwasha."

Seok-ju alipiga goti, akafungua sanduku. Herufi za zamani alifundishwa na baba mkubwa huyo huyo, fimbo ya mwanzi ikiwa karibu. Akafuata uzi mwekundu.

Ukoo mzima uliimba hadithi moja. Bwana Heon-gyu aliletewa waraka wa uongo wa kumsingizia rafiki yake Bwana Pyo uhaini. Akakataa kutia sahihi. Akapelekwa uhamishoni kisiwani, akala mwani miaka minne. Kila vuli, watu mia tatu walilisujudia kaburi lake. Seok-ju alipoomba kazi ya ujasusi, aliisimulia mbele ya jopo, kifua mbele.

Mkono wa marehemu wenyewe ulisema mengine.

*Nilitia sahihi. Pyo amenyweshwa sumu. Wanawe wamefanywa watumwa. Nyumba yake nimepewa mimi. Leo nimelala katika chumba chake. Mwanangu wa pili amegoma kuingia, nami nimelifuta jina lake katika kitabu cha ukoo.*

Kurasa za nyuma zilionyesha kuwa aliyepelekwa kisiwani akala mwani alikuwa Pyo, miaka kabla ya kunyweshwa sumu. Hata mateso yake waliyaiba.

Seok-ju alihisi uso ukiwaka. Aliyekuwa amefungwa pingu ni Tak, lakini yeye ndiye aliyeshindwa kuinua macho.

Akapiga ile namba.

"Baba mkubwa, ulijua tangu lini?"

"Tangu babu yako alipokuwa anakata roho." Sauti ya mzee ilitetemeka. "Jumatatu wanazuoni wanakuja kuisoma. Nilitaka kuichoma mwenyewe, mwanangu. Nilishika kiberiti. Mkono ukakataa."

"Wajukuu wa Pyo wako wapi?"

"Nitajuaje? Watumwa hawakuwa na kitabu." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Kurasa tatu tu. Zichane. Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi na wewe nitakufuta! Hutakuwa wa kizazi chochote. Hutakuwa mtoto wa mtu!"

Seok-ju alifumba macho. Alimpenda mzee huyu. Ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki.

"Usiondoke nyumbani," alisema taratibu. "Wanakuja kukuchukua. Vaa koti, kuna baridi."

Nje, honi ya meli ililia. Ikaondoka bila mzigo.

Bi Eom alifika na vijana wawili, wakamchukua Tak. Alilitazama sanduku, kisha uso wa Seok-ju. Redio ilikuwa wazi muda wote. Alisikia kila kitu.

"Karatasi za zamani huchanika zenyewe, Seok-ju," alisema kwa sauti ya chini. "Sitauliza."

Seok-ju alifunga sanduku, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Zihesabu, Mkuu. Zote zipo. Kwenye ripoti andika aliyemtuma Tak ni mkubwa wa ukoo wetu, na aliyemkamata ni mwana wa mdogo wake. Majina kamili. Halafu nipe ruhusa ya wiki moja."

"Ya kupumzika?"

"Ya kuwatafuta watu wa Pyo. Nyumba ni yao."

"Utawaambia nini?"

"Sijui bado."

Mbingu ilikuwa imefunga mawingu. Hata hivyo Seok-ju alivaa miwani yake myeusi, akapandisha kola ya koti, akatoka akitembea polepole katikati ya watu wa Busan.