Kwa Nini Gaaju Alivaa Miwani

Kila jioni Resty alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Aliinua jerikeni la maji ya chumvi, akayamimina kwenye hori lililokatwa kwenye tairi kuukuu, kisha akasimama kando kumtazama Gaaju akinywa.

Gaaju alikuwa ng'ombe wake. Huko Munkunyu, magharibi mwa Uganda, wafugaji huita ng'ombe wa kahawia gaaju, na jina likabaki hilohilo. Mama yake alikufa siku alipomzaa, na Resty akamlea kwa chupa mpaka akakua. Hata mume wake, Yeseri, alizoea kusema kwamba ng'ombe huyo ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba, hata kabla ya Loyi wao.

Maji yale yalitoka kwenye ziwa dogo la chumvi, mwendo wa saa moja kwa pikipiki. Wavuna chumvi wa pale huchimba mashimo kando ya ziwa, wakaacha jua likaushe maji. Chumvi ikishatolewa, chini hubaki maji mazito, machungu, yenye rangi ya chai. Huyaita maji ya mwisho. Watu hawayatumii, lakini mifugo hupewa. Hamuza, mfanyabiashara wa chumvi kutoka Bwera, ndiye aliyeyaleta nyumba kwa nyumba.

"Hii ndiyo nguvu ya ziwa yote," Hamuza alimwambia Resty. "Ukipatia ng'ombe, itanona mpaka ikose mulango ya kupita."

Wapi! Gaaju hakunona. Mbavu zilianza kuhesabika. Aliharisha wiki nenda, wiki rudi. Maziwa yalipungua mpaka yakawa ya chai tu, na mwaka mzima hakushika mimba. La ajabu zaidi lilikuwa rangi yake. Ule ukahawia mzuri ulipauka, na kuzunguka macho nywele zikawa nyeupe kabisa. Ukimwona kwa mbali ungedhani amevaa miwani.

Majirani walicheka. Resty hakuona la kuchekesha hapo.

"Mama Loyi, hii ng'ombe imekwisha," Yeseri alimwambia mkewe asubuhi moja. "Ijumaa tunaipeleka soko ya Bwera. Afadhali bucha aichukue kabla haijaanguka."

"Na ile nyeusi?" Resty aliuliza. Walikuwa na mtamba mweusi pia. "Inakula majani ileile. Inalala hapa hapa. Kwa nini yenyewe iko muzima?"

"Mimi ni dokta?"

"Basi tuite dokta."

Alhamisi akaja Ithungu, daktari wa mifugo. Aliegesha pikipiki, akavaa buti zake za mpira, akamzunguka Gaaju mara mbili. Akamfunua ukope. Akavuta nywele chache za shingoni, akazitazama juani. Kisha akaliona lile hori.

"Hii maji ni ya nini?"

"Ni maji ya mwisho ya kule ziwa, dokta. Ni dawa ya ng'ombe."

"Ile nyeusi inakunywa?"

"Aa, ile iko na maringo. Ikinusa tu, inageuza kichwa."

"Na Gaaju?"

"Gaaju napatia mara mbili ya kipimo. Si ndiyo naipenda!"

Neno lilipomtoka, Resty alishtuka. Alitazama hori, kisha akamtazama ng'ombe.

Ithungu hakumlaumu. Aliomba ndimu na vikombe viwili. Katika kimoja akatia maji ya kijito, katika kingine maji ya ziwa. Akakamulia ndimu kote kuwili. Maji ya kijito yalitulia. Maji ya ziwa yakatoa mapovu mengi, shaa!

"Haa!" Yeseri alisogea. Alikuwa amesimama mbali kama mtu asiyehusika. "Kwa nini inachemka bila moto?"

"Ni magadi inapigana na ndimu," alisema Ithungu. "Hii maji haina chumvi peke yake. Iko na magadi mingi, na magadi inabadilisha tabia ya maji. Ndani ya ziwa muko madini kidogo sana, hata jicho haiwezi kuona. Ingine ni shaba. Ingine inaitwa molibdeni."

"Molib... nini?"

"Molibdeni. Hata mimi ilinisumbua mudomo shuleni. Sasa sikilizeni. Kwa maji ya magadi, shaba mingi inajishika na tope, inashuka chini. Molibdeni haishuki, inabaki kwa maji. Jua inakausha maji, lakini molibdeni haiwezi kuruka na mvuke. Watu wanavuna chumvi, na mingi yake inabaki palepale."

"Kumbe maji ya mwisho ndiyo imeikusanya," alisema Resty polepole.

"Umeona! Hapo tena muko salfa. Kwa tumbo ya ng'ombe, molibdeni na salfa inaungana, inakamata shaba, damu haiipati. Na bila shaba nywele inakosa rangi, tumbo inaharibika, mimba haishiki. Lakini hii ni kudhani tu. Nitapeleka damu na hii maji kwa maabara. Munipe wiki mbili. Gaaju inywe maji ya kijito tu."

Yeseri alikuna kichwa. Ijumaa ilikuwa kesho. "Wiki mbili," alikubali. "Isizidi."

Jumapili, Yeseri alitoka kanisani akaenda Kilembe, kwao, ambako marehemu baba yake alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba. Alirudi jioni akiwa na jiwe zito lenye madoa ya kijani. Uso wake uling'aa kwa furaha.

"Mama Loyi, tumekuwa wajinga! Dokta alisema shaba inakosa. Kwetu shaba iko inatupwa njiani! Nimeleta dawa ya bure."

Akaliweka jiwe horini. Gaaju alinyoosha ulimi. Resty aliruka, akalinyakua.

"Bado hatujamaliza kosa moja, unaleta ya pili! Unajua kipimo yake?"

"Kipimo ya nini? Italamba tu."

Resty alimpigia simu Ithungu, akamweleza habari ya jiwe, akaweka sauti juu ili mume wake asikie.

"Toeni hiyo jiwe sasa hivi!" sauti ya Ithungu ilisikika. "Shaba ikikosa ni ugonjwa, ikizidi ni sumu. Inajaa kwa maini, siku moja ng'ombe inaanguka. Na jiwe ya mugodi iko na madini ingine hatuijui. Mwambie Baba Loyi shaba inapimwa kwa uzito ya ng'ombe, si kwa furaha!"

Yeseri alibeba jiwe lake bila kubisha. Siku mbili nzima hakutoa ushauri wowote.

Majibu ya maabara yalifika. Shaba katika damu ya Gaaju ilikuwa chini sana, na maji ya mwisho yalikuwa yamejaa molibdeni na salfa. Ithungu alimchoma sindano ya shaba kwa kipimo, akawaachia jiwe la madini la kulamba, lililotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Hamuza alipopita na majerikeni yake, Resty alimweleza yote. Mzee wa watu aliketi chini. Alikuwa ameyapeleka maji yale kwenye nyumba kumi na moja. Siku hiyohiyo aligeuza pikipiki, akazirudia zote, akawaambia wayamwage.

Kuharisha kuliisha kwanza. Kisha maziwa yakaongezeka. Nywele mpya zikaota taratibu, na kila moja ilitoka ngozini ikiwa kahawia. Mwezi wa nne tangu sindano ile, miwani ilikuwa imefutika.

Mwezi wa saba Ithungu alivaa glavu ndefu, akampima Gaaju. Akapapasa muda mrefu, mpaka Resty akashindwa kuvumilia.

"Dokta, sema basi!"

"Kuna mutu humu ndani," alisema Ithungu akicheka. "Iko na miezi mitatu."

Resty alilia, na hakujificha. Yeseri alisogea, akakohoa, akauliza kwa upole, "Dokta, kwa sasa tuipatie nini, na kiasi gani?"

Ithungu na Resty walitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza Yeseri kuuliza kabla ya kutenda.